Kabla ya Kununua Betri, Pima Alteneta

Gari likigoma kuwaka asubuhi, lawama huiangukia betri, na siku hiyohiyo hela ya betri mpya inatoka. Kama kosa liko kwenye uchajishaji, yaani kazi ya alteneta ya kuchaji betri injini ikiwaka, hiyo mpya nayo itaisha vilevile. Kwa hiyo pima kwanza. Mita ya kawaida ya dijitali inatosha.

Gari liwe nje, kwenye hewa. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na ndani ya gereji iliyofungwa inaua. Gia iwe P au nyutro, handibreki juu. Vua pete na saa, kunja mikono ya shati, nywele ndefu zifungwe. Feni ya rejeta ya umeme huanza kuzunguka yenyewe wakati wowote, kaa nayo mbali.

Weka mita kwenye volti za DC, alama ya 20. Angalia waya mwekundu umechomekwa tundu la V. Ukiwa kwenye tundu la ampea halafu ukagusa betri, umepiga shoti.

Injini ikiwa imezimwa tangu jana, betri nzima husoma kama 12.6. Washa gari upime tena: kwa gari nyingi utapata kati ya 13.8 na 14.7. Kisha washa taa kubwa na feni ya AC. Namba itashuka kidogo, lakini isirudi kwenye 12.

Langu lilisoma 12.9 injini ikiwaka, na fundi alishasema nitafute alteneta ya mtumba. Nikapima kwenye boliti nene ya nyuma ya alteneta yenyewe, ncha nyeusi ikiwa kwenye hasi ya betri: 14.2. Alteneta ilikuwa nzima, umeme ulikuwa unapotelea njiani! Nilipofungua kichwa cha waya wa chanya nikakuta unga wa kijani na mweupe umejaa ndani. Injini ikiwa imezimwa, nilitoa hasi kwanza, nikasafisha kwa maji ya moto na brashi ya waya, nikakausha na kukaza. Betri ikaanza kupata 14.1. Ukipima hiyo boliti, gusa kwa ncha ya mita tu, maana ina umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa.

Ninachokuomba sana: usikubali mtu achomoe waya wa betri injini ikiwaka "kuona kama alteneta inafanya kazi". Mtindo huu bado upo kwenye gereji nyingi. Betri ikiondoka ghafla, volti huruka hadi mara kadhaa ya kiwango cha kawaida, na zinaweza kuunguza daiodi za alteneta au kontroboksi (kompyuta ya gari), ambayo bei yake inazidi ya alteneta.

Mita ikisoma zaidi ya 15, regyuleta (kidhibiti volti cha alteneta) ndiyo mbovu na inaipika betri, usiendelee kutembelea. Ikibaki kwenye 12 hata pale kwenye boliti, tazama kwanza kama mkanda umelegea, halafu muulize fundi umeme kama kaboni (brashi za ndani ya alteneta) na regyuleta zinaweza kubadilishwa peke yake. Kwa alteneta nyingi inawezekana.