Diski ya inchi 3.5 kwa waya wa USB peke yake?

La, haitawaka. Diski ngumu (hard disk) ya inchi 3.5, ile ya kompyuta ya mezani, inataka volti 12 kuzungusha mota yake, na USB ya kawaida hutoa volti 5 tu. Kasha lake, lile la kuitumia nje ya kompyuta, lazima liwe na adapta ya stima. Ya inchi 2.5, ya laptop, hutosheka na USB. Mimi ni fundi hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na kwa kuhifadhi nakala huwaambia wateja wachukue hiyo ndogo: stima ikipotea, na mnajua inavyopotea, betri ya laptop inaendelea kuilisha, ile kubwa huzimika katikati ya kunakili. Ila angalia kwanza, SSD ya M.2, ile diski isiyo na mota yenye umbo la kibao chembamba, haiingii kasha la inchi 2.5 lenye kiunganishi cha SATA, kile cha diski za kawaida za laptop.