Usiue bwawa kwa sababu ya mbu

Masika ya mwaka juzi nilimwaga lita mbili za oili chafu kwenye bwawa langu la bustani. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa ameugua malaria mara mbili ndani ya miezi mitatu, na kila aliyepita getini aliyanyooshea kidole yale maji. Fundi wa gereji ya jirani akanipa oili bure kwenye kidumu, nikaimwaga jioni nikiwa na hasira ya mzazi. Asubuhi maji yalikuwa yanameta rangi za upinde wa mvua, na viluwiluwi hawaonekani tena wakichezacheza. Nikaenda kazini na moyo mweupe.

Keshokutwa yake nikakuta vyura wanne wanaelea matumbo juu. Kufika wiki ya tatu mbu walikuwa wamerudi, tena wengi kuliko walivyokuwa kabla ya oili. Naandika haya kwa ajili ya mwenye bwawa dogo nyumbani, la maua au la samaki, ambaye leo au kesho atashawishika kufanya nilichokifanya mimi.

Aliyenifumbua macho ni mzee wa mtaani kwetu hapa Morogoro, bwana afya mstaafu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, halafu hata kiti hakutaka. Aliomba bakuli jeupe. Akachuchumaa ukingoni, akachota nalo taratibu pale nyasi zinapoingia majini, akasubiri maji yatulie. "Njoo uone, mwanangu."

Ndani ya bakuli kulikuwa na viluwiluwi kama ishirini. Wengi walikuwa wamening'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji. Mzee akaniambia hao ni Kuleksi, wale wanaotuimbia masikioni usiku. Wanavuta hewa kwa mrija ulio mkiani. Wawili watatu walikuwa wamelala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Hao ni Anofelesi, mbu wa malaria, hawana mrija. Na palikuwa na kimoja kilichojikunja mfano wa alama ya mkato, kinashuka na kupanda kwa mapigo: hiyo ni pupa, ndani ya siku mbili hivi ingeruka. Tangu siku hiyo sijawahi kutia dawa bila kwanza kuchota na bakuli jeupe. Ni kipimo kisichogharimu kitu, na kinakuonyesha mbu gani wako wapi.

Lugha yetu yenyewe ilinichanganya hapa. Wa mbu tunamwita kiluwiluwi, na wa chura tunamwita kiluwiluwi. Nilipokuwa naona maji yamejaa vitu vyeusi vyenye mkia, nikidhani ni jeshi la mbu, nusu yake walikuwa watoto wa vyura. Wa chura ana kichwa kikubwa cha mviringo na anaogelea kwa kupepea mkia. Wa mbu ni mwembamba, mwili wenye pingili, na anajipindapinda. Ukimtisha kwa kivuli cha mkono anazama, kisha anarudi juu kuvuta hewa. Watazame vizuri kabla hujawahukumu.

Kwa nini mbu walirudi wengi zaidi? Kuleksi mmoja hutaga mayai 100 hadi 300 kwa mkupuo, yameshikana kama chelezo kidogo juu ya maji. Kwa joto letu, yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 14. Lakini watoto wa kereng'ende, ambao wanaishi majini na kula viluwiluwi wa mbu kwa uchu mkubwa, huhitaji wiki nyingi, wengine miezi. Chura naye anapumua kwa ngozi, oili ikimpaka ndiyo basi. Kwa hiyo nilipoua kila kitu, mvua mbili tatu zilisukuma oili pembeni, na wa kwanza kurudi kwenye nyumba tupu akawa mbu. Waliokuwa wakimla hawakuwepo.

Kisha mzee akanitoa kwenye bwawa kabisa. Akanipeleka nyuma, kwenye tuta la mchicha, njia ninayopita na ndoo kila jioni. Udongo pale umelowa, na nyayo zangu zilikuwa zimeacha vijishimo vyenye maji ya kina cha vidole viwili, vinapigwa na jua. Akachota kimoja kwa kijiko. Viluwiluwi saba, wote wamelala sambamba. Mmoja wa mbu wakuu wa malaria hapa kwetu, Anopheles gambiae, anapenda vidimbwi vidogo vya namna hiyo, vya muda, vyenye jua, visivyo na samaki wala kereng'ende. Nyayo, kwato za ng'ombe, matairi ya bajaji kwenye tope. Nilikuwa nimeua vyura wa watu bure, na malaria ilikuwa kwenye nyayo zangu mwenyewe.

Tukazunguka uwanja mzima. Visahani chini ya vyungu vya maua, kifuu cha nazi, gata lililoziba majani, tairi bovu, simtanki lisilo na mfuniko. Kwenye visahani mbu wake ni Aedesi, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, ambayo Dar es Salaam iliiona kwa uzito mwaka 2014 na tena 2019. Huyu hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake hukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Sugua kuta za chombo kwa brashi, kila wiki.

Nikaanza kutengeneza upya. Oili niliifyonza kwa maranda ya mbao na magunia chakavu, sikuiruhusu iende mtaroni. Bwawa nikalisugua kwa sabuni na kulisuuza mara nyingi, likakaa kavu juani wiki nzima. Ni dogo, mita 3 kwa 2, kina sentimita 60, yaani lita 3,600 likijaa.

Kosa kubwa la bwawa la zamani lilikuwa ukingo. Fundi alilijengea mteremko mpole ili lipendeze, na nyasi zikaota ndani ya maji. Pale pembeni samaki hafiki, na mbu wa malaria wa aina nyingine, Anopheles funestus, anapenda hasa maji ya kudumu yenye majani yaliyosimama. Sasa kuta zinashuka wima, nimezipanga mawe ya mtoni na kuziba mianya kwa saruji ili maji yasijifiche nyuma yake. Kuzunguka bwawa nimemwaga kokoto, upana wa mita moja, ili unyayo usiache shimo. Bomba la kutolea maji ya ziada linaishia kwenye shina la mgomba, siyo kwenye kidimbwi. Kama una fedha ya kazi moja tu, ipeleke kwenye ukingo.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua samaki. Niliyaacha bwawani siku kadhaa kabla ya kuweka kiumbe, na ninapoongeza huyakinga kwanza kwenye mapipa siku mbili, nimeyafunika kwa chandarua. Nikapanda mayungiyungi mpaka majani yake yafunike kama nusu ya uso wa maji. Yanaleta kivuli, na yanakula ile mbolea inayofanya maji kuwa kijani. Gugumaji usilete, hata kama ua lake linavutia. Lilichofanya Ziwa Victoria tunakijua, na kwenye bwawa dogo linafunika kila kitu hadi samaki wanakosa hewa.

Baada ya wiki tatu nikaenda kituo cha ufugaji samaki Kingolwira kununua vifaranga vya sato, madume tupu, kwa sababu wakichanganyika watazaana hadi wabanane. Niliweka 12. Kuna watu wanaodhani sato hali viluwiluwi kwa kuwa ni mla majani. Utafiti uliofanyika Kisii, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2007, uliweka sato kwenye mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa, na baada ya wiki 15 viluwiluwi wa Anofelesi walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Angalia neno hilo, yaliyotelekezwa. Bwawa la samaki lisilo na samaki ni mahali pazuri mno pa mbu.

Ila samaki aliyeshiba hawindi. Mimi nilianza kwa kuwamwagia pumba asubuhi na jioni, kwa mapenzi, na kufikia mwezi wa pili maji yakawa kijani mzito kama mchuzi wa kisamvu. Alfajiri moja nikawakuta wote 12 wamepanga midomo juu ya maji wanahema. Majani na mimea midogo ya kijani ya majini hutoa hewa mchana, lakini usiku vinaitumia sawa na samaki, hivyo kabla ya jua kuchomoza ndipo maji yanakuwa maskini kuliko wakati wowote. Nilichota kwa ndoo na kurudisha kutoka juu, ndoo baada ya ndoo, karibu saa nzima, hadi wakazama. Kisha nikabadilisha robo ya maji, na chakula nikakata: mara moja kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika tano, na siku moja kwa wiki hawapati kitu. Maji yalichukua kama wiki tatu hadi chini pakaonekana tena. Mbolea ya bustani nayo niliihamishia upande wa bondeni, mvua isiilete bwawani.

Dawa ninayo, lakini ni ya kibaiolojia, ile inayotengenezwa Kibaha. Ni bakteria, mmoja anaitwa Bacillus thuringiensis israelensis, mwingine huvumilia maji machafu zaidi. Kiluwiluwi akila, utumbo wake unapasuka. Samaki, chura na mtoto wako hawadhuriki. Mambo mawili watu hawaambiwi dukani: pupa hali chakula, kwa hiyo dawa haimgusi, na usishangae kuona mbu wachache wakiruka siku moja mbili baada ya kuitia; pia jua huidhoofisha, kwa hiyo iweke jioni na rudia kwa ratiba iliyoandikwa kwenye chupa. Naitumia wakati wa masika tu, kwenye mtaro wa mbele ambako siwezi kufuga samaki.

Pampu ya sola nilinunua pia. Inachezesha maji vizuri na mbu hawapendi kutaga kwenye maji yanayotikisika, ila usiku inalala, na usiku ndipo mbu wengi hutaga. Ni nyongeza tu.

Uzio wa waya ulikuwa wa lazima kuliko vyote hivyo. Sentimita 60 zinamzamisha mtoto wa miaka miwili. Uweke kabla hujajaza maji.

Jumamosi asubuhi napita na bakuli jeupe: pembe nne za bwawa, nyuma ya mawe, tuta la mchicha, visahani, gata. Nusu saa inatosha. Watoto bado wanalala ndani ya chandarua chenye dawa, kwa sababu mbu wa jirani hawajui mpaka, na homa ikianza tunakwenda kupima siku hiyohiyo.

Kama huna nafasi hiyo ya Jumamosi, lifukie. Lifukie kweli: toboa sakafu ya saruji kwanza ili maji yapate njia, jaza kifusi, shindilia, na umalizie na kichuguu cha udongo juu kuliko usawa wa ardhi, maana kifusi kitatitia mvua zikija. Bwawa lililofukiwa nusu huwa kidimbwi cha kina kifupi, chenye jua, kisicho na samaki.