Jibu: Insha ya ubinafsi katika "Boule de Suif"

Ndugu, kama mwalimu ameandika "unasimulia tu" pembeni ya insha yako kuhusu tamaa na ubinafsi katika hadithi hii ya mwandishi Mfaransa Maupassant (1880), kosa ni mpangilio: umefuata safari ya abiria wa gari la farasi wanaoukimbia mji wa Rouen uliotekwa na Waprusia, tangu mwanzo hadi mwisho.

Anza na matukio mawili ya chakula, uyaweke sambamba. La kwanza: abiria kumi wanajikokota kwenye theluji, njaa inawauma, na mwenye kikapu cha chakula ni Boule de Suif peke yake, kahaba anayesafiri nao. Kuku wawili, mvinyo, akiba ya siku tatu. Wanaomdharau ndio wanaokimaliza. La mwisho: wamekwisha kumshinikiza alale na afisa wa Prusia ili waruhusiwe kuondoka, naye ametoka mbiombio bila chochote. Wenzake wanakula, abiria mwenzao Cornudet anatafuna mayai yake ya kuchemsha, hakuna anayemkaribisha. Nukuu hapo, mstari mmoja au miwili, kisha eleza kilichobadilika.

Abiria mwingine, Loiseau, apewe aya yake. Anauza mvinyo hafifu, na huko Le Havre, mji wanakokwenda, anafuata deni la serikali kwa mvinyo aliouzia jeshi. Hiyo ni tamaa ya fedha, tofauti na ubinafsi wa wengine. Watawa wawili waliomo garini usiwaruke! Yule mzee anatumia dini kumlainisha Boule de Suif akubali, na insha nyingi hudhoofika kwa kuwalaumu matajiri tu.

Kama nakala yako imefupishwa, hakikisha matukio yote mawili yamo. La sivyo, mwombe mwalimu kitabu kamili kabla hujaandika.