Muulize Mtafiti: Kwa nini kidonge cha baba mdogo kimegoma?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu mdogo anaumwa saratani ya damu, ile ya CML. Amemeza imatinibu miaka sita, akawa anakwenda shambani kama kawaida. Mwaka huu majibu ya vipimo yameanza kuwa mabaya, na daktari amesema wameona badiliko linaloitwa T315I. Shangazi anasema yote ni kwa sababu alikuwa anaruka dozi, na sasa hawaongei. Je, ni kosa lake? Na hiyo 315 ni nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Nianze na la nyumbani. T315I huwapata hata wagonjwa ambao hawajakosa kidonge hata siku moja, na likishatokea, hata angemeza mara mbili kwa siku imatinibu isingemfaa. Kuruka dozi kuna madhara yake, sikufichi, lakini hapa kitu kimebadilika ndani ya seli zenyewe. Mwambie shangazi hivyo, tena baba mdogo akiwepo.

Kwenye CML, vipande vya kromosomu namba 9 na 22 hubadilishana mahali. Janet Rowley wa Chicago ndiye aliyelionyesha hilo mwaka 1973. Matokeo yake seli hutengeneza kimeng'enya kiitwacho BCR-ABL, kisichojua kupumzika: kinabandika fosfeti kwenye protini nyingine mfululizo, na kwa seli hiyo ni amri ya kuzaliana. Kimeng'enya hiki ni mnyororo wa asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, na kila kimoja huhesabiwa kwa namba. Ya 315 ni threonini, nayo imekaa kwenye shimo ambamo imatinibu huingia. Sisi huiita mlinzi wa mlango.

Tumejuaje? Mwaka 2000 maabara ya John Kuriyan, New York, ilipata umbo la ABL, ile sehemu ya kimeng'enya chetu yenye shimo hilo, ikiwa imeshikwa na molekuli ndugu ya imatinibu. Kazi ya aina hii nimeifanya kwa mikono yangu, kwa protini nyingine. Unaweka protini iliyosafishwa kwenye tone dogo linaloning'inia chini ya kioo, unafunika, unasubiri. Wiki mbili, tatu, mara nyingi hupati ila ukungu. Halafu siku moja kwenye hadubini unaona vijiti vinang'aa: fuwele. Unachota kimoja kwa kitanzi cha nailoni huku umebana pumzi, unakitumbukiza kwenye nitrojeni ya kimiminika, kisha unakipiga eksirei. Fuwele yangu ya kwanza ilivunjika kwenye kitanzi, nikalia. Ya nne ndiyo iliyokubali, na kwenye kompyuta nikaona wavu wa buluu umechora umbo la dawa ndani ya shimo lake. Sijaisahau jioni ile.

Picha ya New York ilionyesha kwamba imatinibu hukikamata kimeng'enya kikiwa kimejikunja, hakifanyi kazi, na hukizuia kisiamke. Ilionyesha pia dawa ikishikana na oksijeni ya threonini ya 315. Mwaka uliofuata kundi la Charles Sawyers, Los Angeles, lilichunguza wagonjwa 9 waliorudiwa na ugonjwa, na kwa 6 kati yao likakuta badiliko lile lile: herufi moja tu ya jeni imegeuka, C imekuwa T, na mahali pa threonini (T) pamekaa asidi amino nyingine, isolusini (I); ndiyo maana ya jina T315I. Isolusini haina ile oksijeni, na ina kinundu kinachochomoza njiani. Dawa haipati pa kushika wala pa kupita. Hicho ndicho kilichomkuta baba yako mdogo.

Ila picha peke yake haimtibu mtu. Ilibidi wanakemia wakae na umbo lile na kuunda molekuli ya kulikwepa badiliko hilo. Mojawapo ni dawa ya ponatinibu: ina atomu mbili za kaboni zilizoungana kwa vifungo vitatu, sehemu nyembamba na iliyonyooka kama njiti, inayopenya kando ya kinundu bila kugongana nacho. Marekani iliiruhusu Desemba 2012. Asiminibu, iliyoruhusiwa huko mwaka 2021, haipiti hata kwenye mlango huo. Inashika shimo jingine kabisa la kimeng'enya hicho hicho.

Kwa hiyo mwulizeni daktari kuhusu hizo mbili, kwa majina. Dasatinibu na nilotinibu ni dawa nzuri, lakini kwa T315I hukwama pale pale, msihangaike kuzitafuta. Imatinibu imewafikia wagonjwa wa Kenya na Tanzania kupitia shirika la misaada la The Max Foundation bila malipo. Ulizeni kama hospitali yenu inaweza kuwaombea na hizi. Ponatinibu inaweza kuziba mishipa ya damu, kwa hiyo kama baba mdogo ana presha, ana kisukari au anavuta sigara, daktari ajue kabla ya kidonge cha kwanza.