Sanchin ya Okinawa na Sanzhan ya Fujian

SWALI: Sensei, nafanya karate ya mtindo wa Goju-ryu, mkanda wa kijani. Nimeona video ya kungfu ya Korongo Mweupe wakicheza Sanzhan. Hatua zinafanana na Sanchin, kata yetu (mfululizo wa miondoko uliopangwa), ila viganja viko wazi na pumzi haisikiki. Nani alichukua kwa mwenzake? Naweza kuchanganya?

JIBU: Shina liko Fujian, jimbo la China. Higaonna Kanryo wa Naha, Okinawa, alijifunza Fuzhou, mji wa Fujian, katika karne ya 19, na mwanafunzi wake Miyagi Chojun ndiye aliyeijenga Goju-ryu. Uechi Kanbun, mwanzilishi wa mtindo wa karate wa Uechi-ryu, naye alikwenda Fuzhou mwaka 1897 akarudi 1910. Sanchin ya Uechi-ryu hadi leo huchezwa kwa viganja wazi. Ngumi mnazofumba ninyi ni mabadiliko yaliyofanyika Okinawa. Lakini usiitumie hoja hii kwa kila sanaa ya mapigano ya Japani. Wapo wanaosema jujutsu, mieleka ya kujihami ya Kijapani, ililetwa na Mchina Chen Yuanyun katika karne ya 17, ilhali shule ya jujutsu ya Takenouchi inajihesabu tangu 1532, kabla yake.

Kwenye kusimama, ninyi na Korongo hamtofautiani sana: miguu upana wa mabega, kisigino cha mbele usawa wa vidole vya nyuma, unyayo wa mbele umegeuka ndani kidogo, kiwiko kiko ngumi moja kutoka mbavuni.

Mnapoachana ni kwenye kukaza. Goju-ryu hukaza mwili kata nzima na kutoa pumzi kwa sauti. Korongo hulegea, akakaza pale tu mkono unapogusa, nguvu ikipanda kutoka miguuni kupitia mgongo. Ukichanganya, unabaki umekaza nusu: pigo linachelewa, mabega yanapanda, pumzi inakwama kooni. Hilo la mwisho ndilo baya, kwa sababu kuzuia pumzi huku tumbo limekazwa hupandisha presha ghafla. Kichwa kikizunguka, acha hapo hapo. Mwenye presha asicheze kabisa namna ya kukaza.

Jipime hivi: nyoosha ngumi, mwenzako aisukume taratibu kuelekea kwako. Bega likipanda, umekaza shingo. Mkazo unatakiwa uwe chini ya kwapa na ubavuni. Rudia hadi bega litulie, ndipo ujaribu ya Korongo, tena siku tofauti na ya karate. Anza na mikono peke yake, viganja wazi, bila hatua.