Akibatizwa, bado ni Myahudi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye jumuiya yetu kumezuka ubishi. Mmoja anasema Myahudi akimwamini Yesu ameshauacha Uyahudi, mwingine anakataa. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi niko na huyo anayekataa. Mitume wangelishangaa swali lenyewe. Petro, Paulo, Maria mama wa Bwana, wote Wayahudi. Ubishi wa siku zile ulituhusu sisi watu wa mataifa: je, tutahiriwe kwanza ndipo tuokoke? Fungua Matendo 15 uone Yakobo, ndugu yake Bwana, alivyotufungulia mlango. Kisha soma 21:20, wazee wanamwambia Paulo kwamba Wayahudi walioamini ni maelfu, na wote wanaishika torati kwa bidii. Yakobo aliuawa mwaka 62. Eusebio, mwanahistoria wa kanisa la kale, anaandika kwamba maaskofu 15 wa kwanza wa Yerusalemu walikuwa Waebrania.

Baadaye Wayahudi hao walioamini wakabanwa huku na huku. Sinagogi liliwakataa, na kanisa, ambalo sasa lilikuwa letu sisi wa mataifa, likawataka waache Sabato ya baba zao. Hili huniuma kila ninapolifundisha.

Kwa siku zetu, nikusimulie habari za Oswald Rufeisen, Myahudi wa Poland. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alificha asili yake kwa Wanazi, akawa mkalimani wa polisi wao mjini Mir, na mwaka 1942 akawatonya Wayahudi wa geto, mtaa walimofungiwa, siku watakayouawa. Mamia wakatoroka. Yeye akafichwa na masista, akabatizwa humo humo, kisha akawa mtawa Mkarmeli, Bruda Daniel. Alipohamia Israeli aliomba uraia kama Myahudi mwingine yeyote anayerejea. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ikamkatalia, majaji wanne kwa mmoja. Na walikiri kwamba kwa sheria ya marabi angali Myahudi! Alipata uraia kwa njia ya kawaida ya wageni, akaishi Haifa mpaka kufa kwake mwaka 1998.

Kadinali Lustiger wa Paris naye alizaliwa Myahudi na hakuacha kusema hivyo. Alipozikwa mwaka 2007, kabla jeneza halijaingia kanisa kuu la Notre-Dame, ndugu yake alisimama nje ya mlango akasoma kadishi, sala ya Wayahudi kwa marehemu wao.