Unachora kitenge kwa kompyuta? Anza na Offset, zile filta za kuunga zenyewe ziache

Habari zenu wadau wa vitambaa. Vijana wanaoanza kuchora vitenge wananiuliza sana, mbona ua langu likiwa moja linapendeza, nikilirudia kitambaa kizima linakuwa kama vigae vya bafuni? Leo nieleze ninavyofanya kwa Offset, ile filta ya kusogeza picha mpaka kingo zake zije katikati, maana hili somo mimi nimelilipia.

Mwaka juzi nilipata kazi ya sare, mama mmoja anamuoza binti yake akataka ndugu wote wa kike wavae kitu ambacho Kariakoo hakipo. Nikachora korosho kubwa, ile ya kwenye khanga, nikaizungushia vidoti, rangi tano, kipande (yaani mchoro mmoja unaorudiwa kitambaa kizima) cha sentimita 32 kwa 32, faili likaenda kuprintiwa mita 60. Mzigo umefika umekunjwa vizuri, watu wanashangilia, mpaka fundi alipotandaza kitambaa mezani akanyamaza. Akapitisha kucha. Kuna mstari mweupe mwembamba kama uzi, unakatiza toka ukingo mmoja mpaka mwingine, ukipima na futi yake kila baada ya sentimita 32 upo. Na harusi imebaki wiki mbili. Yule fundi Mungu ambariki, alikata kwa akili mistari mingi ikaingia ndani ya mishono, mita zilizoshindikana nikazilipa mimi.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu. Nilikuwa nachora kwa pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 300 kwa inchi kwa sababu ndo kila mtu anavyosema, sasa sentimita 32 kwa 300 inakuja pikseli 3779 na nusu, na nusu pikseli haipo, kwa hiyo programu inaijazia pale ukingoni rangi iliyofifia, ndo ule uzi. Siku hizi naweka 254. Inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo kila milimita inakuwa pikseli 10 kamili, sentimita 32 ni 3200, 64 ni 6400, kichwa hakiumi. Na hizo namba 32 na 64 zina sababu yake: rola nyingi za kuprintia viwandani mzunguko wake ni sentimita 64, urefu wa kipande chako lazima uingie humo bila kubaki. Ukipeleka cha 30 watakivuta kitoshe na korosho zitatoka zimerefuka.

Haya, filta yenyewe. Ofseti, yaani hiyo Offset, inafanya kile kile ambacho wachoraji wa mkono walikuwa wanafanya kwa karatasi: unachora katikati bila kugusa kingo, unakata karatasi vipande vinne, unavibadilisha nafasi, cha juu kushoto kinahamia chini kulia na vingine hivyo hivyo, basi zile kingo za nje zinakutana katikati na unaona pengo la kujaza. Jaribu na karatasi ya daftari kabla hata ya kuwasha laptopu, dakika tano umeelewa. Kwenye Photoshop unganisha leya zako (matabaka ya mchoro) kwanza, nenda Filter, Other, Offset, andika nusu ya kipande, 1600 kulia na 1600 chini, chagua Wrap Around, ili kinachotoka ukingo mmoja kiingilie ukingo wa pili. Kwenye GIMP, programu nyingine ya picha, imo ndani ya menyu ya Layer, sehemu ya Transform. Ukishajaza katikati usiguse tena kingo, hapo ndo wengi wanaharibu. Asiye na hela ya programu achukue Krita, ni bure, bonyeza herufi W na kipande kinajirudia pande zote huku unachora.

Sasa ile filta ya GIMP ya kuunga yenyewe, inayoitwa Tile Seamless, naombeni sana msiitumie kwa kitambaa. Inaunga kweli, lakini inaunga kwa kulaza picha juu ya picha kama kivuli, korosho inapita ndani ya korosho nyingine, na rangi zako tano zinakuwa mia na kitu. Kwenye kuprinti kwa skrini, zile nyavu za kupitishia rangi, kila rangi ina skrini yake, hizo mia nani atazitengeneza? Kwa mapazia ya picha ya mawingu sawa, kwa kitenge hapana.

Kama umechora kwa mkono ukaskani, pitisha filta ya Median kidogo, pikseli mbili au tatu, inafuta vumbi na chembe za karatasi bila kuvuruga sana ukingo wa mchoro. Halafu ndo unabana rangi kwa Indexed, ile hali ya picha yenye rangi chache za kuhesabika, na kuzihesabu. Fuata mpangilio huo huo, maana ukishaingia Indexed kwenye Photoshop filta zote zinazimika na utafikiri programu imeharibika. Kujazia maungio tumia kalamu ngumu, brashi laini inaleta rangi za katikati kimya kimya.

Hata maungio yakiwa safi, korosho zote zikitazama upande mmoja zinapanga foleni na jicho linaikamata foleni hiyo kuliko ua lenyewe. Mimi nachukua kipande ambacho mchoro wake haugusi kingo za kushoto na kulia, la sivyo korosho zitakatika vipande vikikutana, napanua karatasi iwe 6400 kwa 3200, naweka nakala ya kipande pembeni, ile nakala naipiga ofseti ya chini tu, 1600, kulia sifuri. Safu moja inashuka nusu, foleni inavunjika. Kisha naprinti karatasi nne, nazibandika ukutani, narudi nyuma hatua nne tano. Kwenye kioo cha kompyuta hutaona unachokiona pale.

Khanga usiifanye hivi. Khanga ina pindo, mji na jina, ni nguo moja iliyokamilika, na watu wanachora nusu wanaigeuza kama kioo kuokoa muda. Pindo na mji vinakubali, ila jina likiwa tayari limeshaandikwa nalo linageuka, linasomeka kinyume. Geuza kwanza, chora kona zote nne kwa mkono zikutane vizuri, jina liandike mwisho kwenye leya yake peke yake, na kabla faili halijatoka mpe mtu mwingine alisome kwa sauti.